Mtoto Anaperuzi kwa Jina Lako

Wazazi wengi wanaoniuliza kuhusu watoto na mitandao huanza na picha chafu. Hofu hiyo ni ya haki na ina majibu yake. Lakini kwa mtoto wa darasa la nne hadi la saba, mwenye miaka 9 hadi 12, ambaye katuni za wadogo zimeanza kumchosha na mambo ya wakubwa bado hayajawa yake, kitu anachokutana nacho kila siku na kila baada ya dakika chache ni tangazo. Msimamo wangu ni kwamba hatari kubwa ya matangazo hayo inaanzia kwenye mazoea yetu ya kuwaazima watoto simu zikiwa na akaunti zetu, laini zetu na pesa zetu ndani yake. Mtoto anapoperuzi kwa simu ya mama, mtandao unamwona mama. Unamletea matangazo ya mama, unakata salio la mama, na kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya watoto zinampita pembeni, kwa kuwa kwenye hesabu za kompyuta hakuna mtoto pale.

Kabla ya kuanza kufundisha wazazi na kuandika hapa nilifanya kazi ya kununua nafasi za matangazo ya mtandaoni, kwa hiyo niieleze biashara hiyo kama inavyokwenda. Kwenye gazeti unanunua ukurasa. Mtandaoni unanunua watu. Mnunuzi anafungua fomu, anachagua umri, jinsia, mji, lugha, aina ya simu na mambo ambayo watu anaowataka hupenda kuyatazama, kisha anaweka bei aliyo tayari kulipa. Upande wa pili yupo mtu aliyefungua gemu kwenye simu. Kabla gemu halijamaliza kufunguka, taarifa zake zimeshatumwa sokoni: anatumia simu gani, yuko mji gani, kitambulisho chake cha matangazo ni kipi. Kompyuta za wanunuzi zinashindana bei, mshindi anapatikana ndani ya kipande cha sekunde, na tangazo lake linajitokeza. Gemu likifunguliwa upya, mnada unapigwa upya.

Kitambulisho cha matangazo ni namba ndefu ambayo simu ya Android au iPhone hupewa ili wauzaji waitambue. Hakina jina la mtu, ila kinafuatwa na tabia zake. Tuseme simu ya baba mchana ilitumika kutafuta mkopo wa haraka, jioni ikaangalia matokeo ya Ligi Kuu na kupitia mikeka ya kubeti ya wikiendi. Usiku mtoto anaazimwa dakika chache acheze gemu la magari. Kinachopigwa mnada wakati huo ni mwanaume mtu mzima, mpenda mpira, aliyebanwa na fedha. Kampuni ya kubeti inamtaka, programu ya mikopo inamtaka, na zote mbili ziko tayari kulipa. Aliyeshika simu ana miaka 10.

Na tangazo la kubeti la leo halifanani tena na orodha ya mechi. Chukua Aviator, mchezo uliotolewa mwaka 2019 na ambao sasa umeenea kwenye majukwaa ya kubeti ya Kenya na Tanzania. Kindege chekundu kinapaa, nyuma yake ni giza tupu, katikati ya kioo namba inapanda, 1.20, 1.85, 3.40, na mchezaji anatakiwa abonyeze kitufe achukue fedha yake kabla kindege hakijatoweka. Akichelewa, dau limeliwa. Mtoto aliyezoea gemu za kukimbia juu ya mabehewa ya treni hana sababu ya kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote: rangi ni zilezile, sauti ni zilezile, namba inapanda, kitufe ni kimoja na ni kikubwa. Sheria za Tanzania na Kenya zinaruhusu kamari kuanzia miaka 18, na tangazo lenyewe hubeba alama ya 18+ kwenye kona, kwa maandishi madogo ambayo hata mtu mzima huyaruka. Ukimfuata mtangazaji atakuambia alilenga watu wazima tu, na kumbukumbu zake zitaonyesha hivyo kweli. Simu ilimwambia kwamba mbele yake yupo mtu mzima.

Ule umri wa miaka 13 unaoulizwa na programu nyingi una asili yake Marekani, kwenye sheria ya faragha ya watoto mtandaoni iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000. Sheria hiyo inataka kampuni ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Kupata ridhaa ni gharama na usumbufu, kwa hiyo kampuni nyingi zilichagua njia nyepesi: ziliandika kwenye masharti kwamba watoto hao hawaruhusiwi, kisha zikaendelea na biashara. Matokeo yake ni kundi zima la watoto ambalo lipo mtandaoni kwa wingi na halipo kwenye karatasi.

Kesi ya YouTube inaonyesha jambo hili waziwazi. Septemba 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani na Mwanasheria Mkuu wa New York kuituhumu kwamba ilikusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Hati za mashtaka zilieleza kwamba kampuni hiyo ilijinadi kwa Mattel, watengenezaji wa Barbie, kuwa YouTube inaongoza kuwafikia watoto wa miaka 6 hadi 11 ikilinganishwa na chaneli kubwa za televisheni. Kampuni moja ya matangazo ilipouliza, ikajibiwa kwamba YouTube haina watumiaji walio chini ya miaka 13. Tangu Januari 2020 video zenye alama kuwa ni za watoto hazibebi tena matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji, na hiyo ni hatua ya maana. Lakini mtoto wa darasa la sita hatazami sana video za watoto. Anatazama Bongo Fleva, vichekesho, mabao ya Simba na Yanga, na vijana wanaocheza gemu la Free Fire huku wakisimulia kila risasi. Video hizo kwa kawaida hazina alama ya watoto, kwa hiyo zinarudi kwenye mnada uleule wa watu wazima.

Sheria mpya zina pengo lilelile. Umoja wa Ulaya, kupitia Sheria ya Huduma za Kidijitali, umeyakataza majukwaa kumlenga mtoto kwa matangazo yanayotokana na tabia zake, pale jukwaa linapojua kwa uhakika wa kutosha kwamba mtumiaji ni mtoto. Kenya, katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inataka ridhaa ya mzazi na maslahi ya mtoto yatangulizwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo imeziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Naziunga mkono zote, na meno yake yameanza kuonekana: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Shule iliweza kubanwa kwa sababu haiwezi kusema haikujua kuwa waliopigwa picha ni watoto. Kampuni ya matangazo inaweza kusema hivyo kila siku, na simu tuliyomwazima mtoto ndiyo inayoipa kauli hiyo.

Fungua leo ukurasa mmoja wa gemu za bure, ukae na mwanao, mtazame kwanza bila kucheza. Juu kuna picha ya gemu. Chini ya picha kuna kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa PAKUA, na chini zaidi kuna kingine, kidogo, cha kijivu, nacho kimeandikwa vivyo hivyo. Cha kijani ni tangazo. Cha kijivu ndicho cha gemu. Pembeni kuna kidirisha kinachofanana na ujumbe wa WhatsApp ambao haujasomwa. Ukikigusa unapelekwa mahali panapodai simu yako ina virusi, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma. Bofya gemu lenyewe, inaanza video ya tangazo. Alama ya kufungia haipo mwanzoni. Inajitokeza baada ya sekunde kadhaa, nyembamba, kwenye kona ambayo kidole gumba hakifiki vizuri. Ukiikosa kwa upana wa ukucha umeshahesabiwa kuwa umebofya, na duka la programu linafunguka. Hakuna lililowekwa hapo kwa bahati mbaya. Mwenye ukurasa analipwa kwa kila tangazo linalobofywa, na kidole kilichokosea kinamwingizia sawa na kidole kilichokusudia.

Sasa gemu limeanza. Mtoto amefia hatua ya saba, na kioo kinamwambia atazame video ya sekunde 30 apewe roho nyingine. Sitamwambia mtoto kwamba huo ni wizi, kwa sababu atajua nimemdanganya. Ni biashara: anatoa muda, anapata roho. Kinachonisumbua ni kwamba tangazo limegeuka zawadi. Mtoto haliepuki tena, analiomba, na linampata akiwa na furaha na akili imelegea. Halafu kuna suala la bando. Video ile inakula MB ulizonunua wewe. Mtoto wa London aliye kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo anatoa muda wake peke yake. Mtoto wa Mbagala, Dar es Salaam, anatoa muda wake pamoja na shilingi za mama yake, na hakuna risiti inayomwonyesha mama kwamba sehemu ya bando la leo ilikwenda kwa watangazaji.

Lililo zito zaidi ni huduma za kujiunga. Kuna kurasa za burudani, milio ya simu, video fupi, bahati nasibu na majaribio ya akili, ambazo zimeunganishwa na mitandao ya simu kiasi kwamba malipo yanakatwa moja kwa moja kwenye salio. Ukiwa unatumia data ya laini badala ya Wi-Fi, mtandao wa simu unaweza kuzipa kurasa za namna hiyo namba yako bila wewe kuiandika popote. Mtoto anabofya kitufe cha kuendelea, kwenye simu inaingia meseji ambayo mama anaichukulia kuwa ni zile za kila siku za matangazo, na kuanzia kesho shilingi kadhaa zinaondoka kila siku. Nimekaa na akina mama ambao kila wakiweka vocha walikuwa wanalaumu mtandao wao kwa kula salio. Tulipouliza huduma kwa wateja tulikuta orodha ya huduma ambazo hakuna mtu mzima nyumbani aliyewahi kuzisikia.

Yote haya angalau yana sura ya tangazo. Kwa rika hili kuna aina nyingine ambayo haina sura hiyo kabisa, pale kipindi chenyewe kinapokuwa tangazo. Jarida la Forbes lilikadiria kwamba mtoto wa Kimarekani Ryan Kaji, aliyejulikana kwa kufungua na kuchezea midoli mbele ya kamera, alikuwa wa kwanza kwa kipato YouTube mwaka 2018, kwa dola milioni 22. Kwetu sura yake ni tofauti: mchekeshaji anaweka jina la duka la simu katikati ya kisa, kijana wa Free Fire anawaonyesha wafuasi wake mahali pa kununulia almasi za gemu, msanii anavaa fulana ya kampuni ya kubeti kwenye video nzima. Mtoto anampenda mtu huyo na anamwamini. Anachosikia ni ushauri wa kaka mkubwa.

Dhana zinazotupoteza

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni ya mzazi anayesema mtoto wake hana simu, kwa hiyo yuko salama. Kwa hoja niliyokwisha kuieleza, huyo ndiye aliye wazi kuliko wote. Mwenye simu yake yenye akaunti ya mtoto, iliyofunguliwa kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa, anatambuliwa na mifumo kuwa mtoto. Anayeazima ya baba hatambuliwi. Sisemi kila mtoto anunuliwe simu, na wala sitasema. Nasema tusiihesabu kuwa kinga hali ambayo inamwondolea kinga.

Dhana ya pili husemwa kwa fahari: watoto wa siku hizi wanajua kuliko sisi. Wanajua wapi pa kubonyeza, hilo nakubali. Kujua nani anataka nini kutoka kwako ni ujuzi mwingine kabisa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi wa Kimarekani wa ngazi ya kati, wakubwa kidogo kuliko watoto ninaowazungumzia, ukurasa wa gazeti la mtandaoni wenye habari na tangazo lililoandikwa kwa mtindo wa habari. Lilikuwa na maneno yanayosema limedhaminiwa. Zaidi ya asilimia 80 waliamini ni habari ya kweli. Walikuwa watoto waliokua na vifaa hivi mkononi, na lebo ilikuwa mbele ya macho yao. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba tatizo litaisha watangazaji wakiweka lebo, namuuliza ni nani amemfundisha mtoto maana ya lebo hiyo.

Wapo wanaoamini simu inasikiliza mazungumzo: mlitaja jiko la gesi sebuleni, kesho yake limekuja tangazo la jiko la gesi. Naelewa kwa nini inasadikika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android na mwaka 2018 wakatoa matokeo: hawakupata ushahidi wa programu kurekodi sauti kisirisiri na kuituma, ingawa walikuta baadhi zikituma picha na video za kinachoendelea kwenye kioo. Jirani yako ametafuta jiko, mpo kwenye Wi-Fi moja, simu zenu zinalala mtaa mmoja, wewe mwenyewe wiki iliyopita uliangalia bei ya mtungi. Hayo yanatosha. Ubaya wa dhana ya maikrofoni ni kwamba inamfanya mzazi afunike simu kwa mto na kuacha mipangilio ya matangazo kama ilivyo.

Kuhusu hali fiche ya kivinjari nitasema kwa ufupi. Inachofanya ni kutohifadhi historia kwenye simu hiyo. Tovuti zinaendelea kuona kilichotembelewa, na mwaka 2024, katika kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu walioperuzi kwa hali hiyo. Haikutengenezwa kwa ajili ya kulinda watoto.

Halafu kuna umri wa uongo, na hapa wazazi tunashiriki kwa mikono yetu wenyewe. Mtoto aliyezaliwa 2015 anataka akaunti mwaka 2024, ana miaka 9. Mama anaandika 2011 ili mfumo ukubali. Hesabu hiyo haisimami pale. Mwaka 2029 mtoto atakuwa na miaka 14, na kwa kampuni ametimiza 18: matangazo ya pombe, kamari na mikopo yanafunguliwa kihalali kabisa. Watoto wengine hawana hata subira hiyo, wanasukuma kidole mpaka kwenye mwaka wowote wa miaka ya tisini na kuwa watu wazima siku hiyohiyo. Mwaka wa kuzaliwa ni sehemu pekee kwenye fomu nzima ambayo ikijazwa kwa ukweli inamtetea mtoto.

Tufanye nini nyumbani

Ninalolipigia debe kuliko yote ni ile simu ya zamani iliyo kwenye droo, yenye kioo chenye ufa, ambayo bado inawaka. Itoe laini. Ifute kabisa irudi ilivyotoka kiwandani, kisha ifungue kwa akaunti ya mtoto kupitia Family Link ya Google, kwa mwaka wake wa kweli. Mpe intaneti kutoka kwenye simu yako kwa hotspot, kwa muda mnaokubaliana. Simu isiyo na laini haina M-Pesa wala salio la kukatwa, na haina namba ya kupewa mtu. Akaunti ya mtoto haipokei matangazo ya Google yanayofuata tabia, na programu mpya haiingii mpaka uidhinishe. YouTube nayo tangu 2021 ina akaunti za kusimamiwa na mzazi zenye ngazi, na ya kwanza imekusudiwa watoto kuanzia miaka 9. Jihadhari na kitu kimoja: hotspot inatumia laini yako, kwa hiyo ule mtego wa huduma za kujiunga haujaondoka kabisa. Nitalirudia hilo.

Nyumba nyingi zina simu moja, na nisingependa safu hii iwe ya wenye droo peke yao. Baadhi ya simu za Android zinaruhusu kufungua mtumiaji wa pili. Angalia kwenye Mipangilio, na kama ipo, mfungulie mtoto wake. Kama haipo, nenda sehemu ya Google ndani ya Mipangilio, tafuta Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Kisha ingia kwenye kituo cha matangazo cha akaunti yako ya Google, uzime matangazo yanayokulenga wewe, na hapohapo uchague kupunguziwa matangazo ya kamari na ya pombe. Kituo hicho kipo tangu 2022 na kinagusa YouTube pia. Kwenye duka la programu weka sharti la nywila kwa kila ununuzi. Yote haya yanamalizika kabla ugali haujaiva. Hayaondoi matangazo. Yanamwondolea mtoto yale yaliyokuwa yakimfuata mzazi.

Kisha badilisha namba ya siri ya pesa. Watoto wetu wanaijua, na wanaijua kwa sababu nzuri: tunawatuma kwa wakala, tunawaambia walipie umeme huku mikono yetu ina unga. Mtoto aliyekabidhiwa namba ya siri ya mama anaweza pia kununua almasi za Free Fire kwa dakika moja akidhani ni hela ndogo. Kama ni lazima awe na uwezo wa kulipa, awe na kiasi chake kidogo kilichotengwa, kwenye laini nyingine.

Mipangilio ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mazungumzo, na yasiwe mahubiri. Mtoto wa miaka 11 anachukia kufanywa mjinga, kwa hiyo chuki hiyo itumie. Mwonyeshe vile vitufe viwili vya kupakua na umwachie akisie cha kweli ni kipi. Mnapotazama video ya mchekeshaji anayempenda, muulize nani amemlipa huyu leo, na amejuaje. Akikosea usimcheke; rudisha video nyuma mtafute pamoja. Nimeona watoto wa darasa la tano wakigeuka wapelelezi hodari kwa njia hii, wanawapigia mayowe wazazi wao kwamba hata taarifa ya hali ya hewa imedhaminiwa. Muulize pia gemu lililo bure linapata wapi pesa za kuwalipa waliolitengeneza. Akilifikiria swali hilo mwenyewe mpaka mwisho, ataelewa biashara nzima niliyoieleza hapo juu bila kunisoma mimi. Na mpe pa kwenda, siyo pa kukimbia tu. Kipindi cha Ubongo Kids cha Dar es Salaam, kinachorushwa tangu 2014, bado kinawashika wa darasa la nne. Kwa wakubwa wao, pakua mapema gemu mbili tatu zinazochezwa bila intaneti. Gemu lisilo na mtandao halina wa kumletea tangazo jipya.

Siku mtoto akija kukuambia amebofya kitu na pesa zimekatwa, au ukiligundua mwenyewe, shusha pumzi kwanza. Akichapwa kwa hilo, hutasikia la pili. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe wakusomee huduma zote ulizounganishwa nazo, wakuondoe katika zote na wazuie kuunganishwa upya. Omba pia urejeshewe kilichokatwa bila ridhaa yako, na andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Hata kama hakuna lililotokea, piga simu hiyo wiki hii, hasa wewe unayetoa hotspot.

Lakini sikubali mzigo wote ubebeshwe mama mwenye simu moja. Aprili 2025 Bodi ya Leseni na Udhibiti wa Kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 hazitoshi, ila zimethibitisha kwamba mamlaka ikiamua inaweza. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania inaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo: kukataza tangazo la kamari lenye sura ya katuni au gemu kuonyeshwa ndani ya gemu na kwenye kurasa za gemu, bila kujali fomu ya mtangazaji ilichagua umri gani. Katazo la namna hiyo halihitaji kumjua aliyeshika simu, na ndiyo maana lingefanya kazi hapa kwetu.

Kwa kampuni za simu ninadai mawili. Asiunganishwe mtu na huduma ya kulipia mpaka mwenye laini aithibitishe kwa namba yake ya siri, ile anayotumia kutuma pesa, kwa sababu kubofya hakutoshi kuwa ridhaa ya mtu yeyote. Na mzazi anaposajili laini kwa alama za vidole, aulizwe kama itatumiwa na mtoto, na akijibu ndiyo, laini hiyo ifungiwe huduma za kulipia na kurasa za kubeti tangu siku ya kwanza, bila ada. Usajili upo, mitambo ya kufunga huduma kwa laini mojamoja ipo. Kilichobaki ni mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, kwa upande wetu, na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, kuliandika hilo kwenye kanuni na kuweka tarehe ya kuanza.